Bamba lilikatwa msumeno, kiatu kikaendelea kukimbia

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walichukua Vaporfly nzima, kiatu cha mbio cha kampuni ya Nike, wakaipeleka kwenye msumeno. Bamba la kaboni lililo ndani ya soli wakalikata mara 6 kwa upana, pale mbele ambapo vidole hukunjika. Bamba likikatwa hivyo linapoteza sehemu kubwa ya ugumu wake; soli inapinda kirahisi. Kisha wakawakimbiza watu kwenye mashine, mara na kiatu kizima, mara na kilichokatwa, huku wakipima oksijeni wanayotumia. Tofauti haikufika hata asilimia 1, na haikutosha kuhesabiwa kuwa tofauti.

Jambo hilo linafaa kukaa kichwani mwa kila anayetaka kutoa pesa zake kwa ajili ya kile ambacho wakimbiaji wengi wanakiita tu "cha kaboni". Bamba limechukua jina na sifa zote, ilhali mzigo mkubwa unabebwa na sponji. Ukishalielewa hilo, maswali mengi yanajijibu: kiatu kinamfaa nani, kinakufa lini, kwa nini cha mtumba kinaweza kuwa hasara hata kama kinang'aa, na kwa nini baadhi ya viatu vyenye bamba zuri kabisa havimsaidii mtu chochote.

Kilichomo ndani ya soli

Raba nyingi za mazoezi zimejengwa kwa sponji ya EVA, plastiki laini ya kawaida. Ni rahisi kutengeneza, haina bei kubwa, na inavumilia mateso. Kasoro yake ni kwamba ukiikandamiza inakurudishia sehemu tu ya nguvu uliyoweka; iliyobaki inapotea kama joto. Kiatu cha mbio cha zamani kilichopimwa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, kilirudisha takriban asilimia 66. Adidas yenye sponji ya Boost ilirudisha takriban 76. Vaporfly ya kwanza, ambayo sponji yake ni ya PEBA, plastiki inayonyumbuka ambayo kampuni ya Arkema ya Ufaransa huiuza kwa jina la Pebax, ilirudisha 87.

Lakini asilimia hiyo peke yake haitoshi. Jiwe nalo likigongwa linarudisha nguvu vizuri, ila halibonyei, kwa hiyo halina cha kurudisha. PEBA inabonyea karibu mara mbili ya zile nyingine mbili chini ya uzito uleule, na bado inarudi haraka. Inapokea nguvu nyingi zaidi, na katika hizo nyingi inarudisha fungu kubwa zaidi. Hapo ndipo faida ilipo.

Tena ni nyepesi mno. Wepesi huo ndio uliowaruhusu wabunifu kurundika milimita karibu 40 chini ya kisigino bila kukigeuza kiatu kuwa tofali. Uzito nao una hesabu yake inayojulikana: kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila kiatu zinakugharimu takriban asilimia 1 ya nishati. Ndiyo maana Adidas walikwenda hadi gramu 138 kwa Adizero Adios Pro Evo 1, kiatu alichovaa Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia Berlin kwa 2:11:53 mwezi Septemba 2023. Kiliuzwa dola 500 za Marekani, na wenyewe walisema wazi kwamba kimekusudiwa kwa maratoni moja pamoja na mazoezi machache ya kukizoea. Dola 500 kwa asubuhi moja!

Sasa bamba. Sponji laini yenye unene huo, ikiachwa peke yake, inayumba na kukunjika ovyo, kama godoro jipya ukisimama juu yake kwa mguu mmoja. Bamba linatawanya mzigo, linaishika sponji isikunjike chini ya vidole, na kwa kuwa limepindwa kama kijiko, linaufanya mguu ubiringike kutoka katikati kwenda mbele. Kiungo cha kidole gumba kinapinda kidogo kuliko kawaida, hivyo nguvu inayopotelea pale inapungua, na kifundo nacho kinapata nafuu. Watu husema ni springi iliyofichwa. Si kweli. Nguvu inayohifadhiwa na bamba lenyewe ni ndogo ukilinganisha na inayohifadhiwa na sponji. Bamba ni nahodha. Injini iko kwingine.

Ndiyo maana si kila chenye kaboni ni cha haraka. Kampuni ikibandika bamba ndani ya EVA ngumu, unapata kiatu kigumu, basi. Vimepimwa viatu vya namna hiyo na vikaonekana havimpunguzii mkimbiaji nishati anayotumia kuliko raba ya kawaida ya mbio. Na kinyume chake pia kipo: Saucony Endorphin Speed ina bamba la nailoni, laini kuliko kaboni, na kwa mazoezi ya kasi ni kiatu kizuri sana. Adidas katika Adios Pro hawakuweka bamba la kawaida bali vijiti vyenye kaboni vinavyofuata mifupa ya mguu. Ukiwa dukani, uliza kwanza sponji ni ya aina gani. Muuzaji akijibu "ina kaboni" na kunyamaza, hajajibu.

Asilimia 4 ya nini hasa

Utafiti wa Colorado uliozua gumzo lote ulichapishwa mwishoni mwa 2017. Wakimbiaji 18 wazuri, kasi tatu: kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Viatu vyote vilisawazishwa uzito kwa kuongezwa vipande vya risasi, ili isije ikasemwa kwamba ni wepesi tu. Vaporfly ilipunguza matumizi ya nishati kwa wastani wa asilimia 4. Wastani, nasisitiza: kulikuwa na aliyepata chini ya 2 na aliyepata zaidi ya 6.

Nishati si muda. Mtu anayekimbia kilomita 20 kwa saa anapambana na hewa, na upepo huo unaongezeka haraka kuliko kasi yenyewe. Kwake, asilimia 4 za nishati zinageuka kuwa karibu theluthi mbili ya hizo kwenye saa. Maratoni ya 2:10 ni sekunde 7,800. Toa asilimia 2.6 na umeokoa dakika 3 na sekunde 20 hivi. Kwa mbio za kulipwa huo ni mlima. Ila zingatia kwamba umeziokoa dhidi ya mtu wa viatu vya zamani, ambaye siku hizi hayupo. Pale Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza maratoni ya dunia wote kwa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Mbele ya msafara kila mguu umeshavaa kizazi hiki cha viatu, na mizani imerudi palepale kwenye mazoezi na kichwa.

Kwa anayekwenda polepole faida inapungua. Walipopimwa wakimbiaji kwa kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 5 kwa kilomita, wastani ulishuka hadi asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa ulikuwa 0.9. Kwa kasi hizo nishati na muda vinakaribiana, kwa hiyo mtu wa maratoni ya saa 3 na dakika 31 anaweza kutarajia kama dakika 3, na mtu wa saa 4 na dakika 13 dakika 2 na kidogo. Sababu haina uchawi: asiyekanyaga kwa nguvu nyingi habonyezi sponji sana, na sponji isiyobonyezwa haina cha kukurudishia.

Milimani pia inapungua. Kwenye tambarare Vaporfly iliokoa karibu asilimia 4. Kwenye mteremko na mpando wa nyuzi 3, chini kidogo ya asilimia 3 kila upande. Anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon, ile ya Moshi yenye kipande cha kupanda kuelekea Mweka, asiingize asilimia za maabara kwenye hesabu zake za muda. Jua la Moshi lina lake la kusema.

Halafu kuna matokeo ambayo wauzaji hawayapendi. Watafiti waliwapima Wakenya wa kiwango cha dunia pamoja na wakimbiaji wa kawaida wa Ulaya katika viatu mbalimbali vya kizazi hiki. Miongoni mwa Wakenya, kuna aliyefaidika kwa asilimia 11 kiatu fulani kilipolinganishwa na raba bapa ya mbio, na kuna aliyepata hasara ya 11. Kiatu kilichompeleka mwenzako kwenye jukwaa kinaweza kukurudisha wewe nyuma, na miguu yenu ikionekana sawa kabisa ukiitazama kutoka barabarani.

Kupima bila maabara

Huna mashine ya oksijeni. Una uwanja wa mita 400, saa yenye mkanda wa kifua wa mapigo ya moyo, na pea mbili. Zinatosha kukupa dokezo, ukiwa mvumilivu.

Chagua asubuhi tulivu isiyo na upepo. Pasha mwili kwa dakika 20 kwa raba nyingine yoyote. Kisha kimbia mita 2,000 mara 4 kwa kasi yako ya maratoni, mapumziko ya dakika 3 katikati, ambapo ndipo unabadilisha viatu. Mpangilio ni huu: kawaida, kaboni, kaboni, kawaida. Usianze na kimoja mara mbili kisha kingine mara mbili, kwa sababu mapigo hupanda yenyewe kadiri mwili unavyopata joto, na kiatu cha mwisho kitaonekana kibaya hata kama si kosa lake. Kila mzunguko uwe wa muda uleule. Ukichepuka kwa zaidi ya sekunde 1 kwa mita 400, rudia siku nyingine. Andika wastani wa mapigo wa mita 1,000 za mwisho za kila kipande.

Tuseme kiatu cha kawaida kimetoa 162 na 168, wastani 165. Cha kaboni kimetoa 161 na 164, wastani 162.5. Tofauti ni mapigo 2.5. Usishangilie bado; kikombe cha kahawa au usingizi mbaya unaleta tofauti hiyohiyo. Rudia siku mbili nyingine, na moja kati ya hizo geuza mpangilio uanze na kaboni. Tofauti ikielekea upande uleule mara tatu, kiatu kinafanya kazi kwako. Ikiyumba huku na huku, faida yako ni ndogo kiasi kwamba starehe na bei ndivyo viamue.

Tahadhari moja: usipime kwa kuangalia muda peke yake. Mtu akivaa kiatu kipya cha bei kubwa anakimbia haraka bila kujua, kisha anakisifu kiatu kwa jasho lake mwenyewe.

Kukivaa

Saizi katika viatu hivi ni jambo zito kuliko kwenye raba za kawaida, kwa sababu bamba hupindika mahali maalumu. Ukivaa kikubwa, mpindo unakaa mbele ya kiungo cha vidole badala ya kukaa chini yake, na unajikuta unapigana na bamba kila hatua. Ukivaa kidogo, kucha nyeusi kufikia kilomita 30. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazokimbilia. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki kama sentimita 1. Simama kwa mguu mmoja, kunja goti, hesabu hadi 10. Kifundo kikicheza kama mtu aliye juu ya boti, jaribu muundo mwingine wenye soli pana zaidi kisigino; hicho hutakizoea.

Pita kidole kwenye upande wa ndani, chini ya upinde wa mguu. Baadhi ya miundo inapanda juu pale na kukwangua ngozi hadi inatoa malengelenge ya damu. Dukani huwezi kulihisi. Linajitokeza baada ya saa moja ya jasho. Ndiyo sababu mbio ndefu ya majaribio haikwepeki.

Kamba nazo. Kitambaa cha juu ni chembamba, ulimi mwembamba zaidi, na ukikaza kwa hasira ya siku ya mbio mishipa ya juu ya mguu inabanwa, vidole vinakufa ganzi kilomita ya 15. Wakati huohuo kisigino kinateleza ukilegeza. Dawa ni tundu la mwisho, lile ambalo wengi huliacha wazi. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule, kutoka nje kwenda ndani, ili ifanye kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye cha kulia, kisha vuta kuelekea chini na nyuma, siyo juu. Kisigino kinashikwa, sehemu ya mbele inabaki huru. Funga fundo mara mbili.

Kukizoea kunataka wiki 5 au 6, mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza, mbio fupi 6 za mita 100 mwishoni mwa mazoezi mepesi. Ya pili, kilomita 4 au 5 kwa kasi ya mbio. Ya tatu, mazoezi ya vipande, kama mita 1,000 mara 6. Ya nne, mbio ndefu ya lami ya kilomita 25 hadi 30, na 12 za mwisho zikiwa kasi ya maratoni. Hapo ndipo malengelenge, ganzi na maumivu ya misuli ya nyuma ya mguu yatajitangaza. Wiki ya tano, kilomita 10 tu za kasi, kisha weka sandukuni. Unafika kwenye mstari kiatu kikiwa na kilomita kama 50, na hicho ni kiasi kizuri.

Siku nyingine zote vaa raba ya kawaida. Ukitembelea barabara za vumbi za Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kule mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, utaona wanaokimbia maratoni za dunia wakipiga kilomita zao nyingi kwa raba za mazoezi zilizochakaa, na vya kaboni vikisubiri lami na siku ya kasi. Hilo lina sababu zaidi ya ubahili. Soli ya viatu hivi imefunikwa na mpira mwembamba sana, na katikati mara nyingi sponji iko wazi. Changarawe inailamba. Kokoto inanasa kwenye mfereji wa katikati na kugonga bamba kila hatua. Na juu ya mawe yasiyo sawa, kimo chote kile kinageuza kifundo kabla hujajua.

Maumivu

Mwaka 2023 madaktari wa michezo walieleza visa vya wakimbiaji 5 waliopata mivunjiko ya uchovu kwenye mfupa wa navikula baada ya kukimbia na viatu vyenye bamba la kaboni. Huo ni mfupa mdogo juu ya upinde, upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Watu 5 hawathibitishi kwamba kiatu ndicho kilichosababisha, ila mantiki ya kimwili ipo: kiungo cha vidole kikizuiwa kupinda, mzigo unahamia nyuma, katikati ya mguu. Mfupa huo una damu kidogo na unapona polepole sana. Maumivu yasiyoelezeka juu ya upinde, yanayozidi ukiruka kwa mguu mmoja, si ya kukimbia nayo. Pumzika, nenda kapigwe picha, na mwambie daktari ulikuwa na kiatu gani, maana picha ya eksirei ya kawaida mara nyingi haiuonyeshi mvunjiko huo.

La kawaida zaidi ni misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino kulalamika wiki za mwanzo. Hapo mara nyingi ni haraka ya mtu, anakinunua Jumatano na kukikimbilia nusu maratoni Jumapili.

Cha mtumba, na cha bandia

Eldoret na Iten pea nyingi hutoka kwa wanariadha waliopewa na wadhamini. Nyingine zinashuka kwenye marobota pamoja na mitumba mingine. Bei inavutia. Lakini kumbuka kilichokufa hakionekani. Watafiti wa Hispania walichukua viatu vya PEBA vilivyokwisha kukimbia kilomita 450 wakavipima na vya EVA: faida yote ilikuwa imekwisha. Kwa nje bado vinapendeza, kwa sababu kitambaa cha juu hakikimbii.

Kikague hivi. Kwanza tazama ukuta wa sponji kwa pembeni: mistari midogo ya mikunjo ni ya kawaida hata baada ya kilomita 20, lakini mikunjo mirefu inayobaki wazi bila uzito juu yake ni sponji iliyochoka. Weka pea nzima juu ya meza bapa, itazame kutoka nyuma; kisigino kikiegemea ndani au nje, umenunua mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino kisha chini ya vidole. Palipo hai panazama na kurudi papo hapo, palipokufa ni pagumu au panarudi kwa uvivu. Kunja sehemu ya mbele taratibu karibu na sikio: mlio wa kupasuka au kubofya maana yake bamba limevunjika au limeachana na gundi. Ondoa soli ya ndani, uangalie kama kisigino kimezama shimo.

Cha bandia kinaumbuliwa na mizani. Nenda nacho kwa muuza nyama au sonara, popote penye mizani ya uhakika. Cha mbio cha saizi 42 kwa kawaida ni kati ya gramu 180 na 230. Kikisoma 290, ndani kuna EVA, hata nembo iwe imeshonwa kwa ustadi gani. Kisha jaribu kukikunja kutoka vidoleni; kikijikunja kama ndala, hakuna bamba, au ni kipande cha plastiki.

Kwa bei: Vaporfly ya kwanza ilianza kwa dola 250, ndugu yake Alphafly 3 kwa 285. Ukigawa dola 285 kwa kilomita 300 za maisha yenye faida, kila kilomita ni karibu dola 1. Maoni yangu ni haya, na sitayapamba: anayekimbia maratoni kwa zaidi ya saa 4 na ana pea moja tu ya mazoezi, anunue kwanza pea ya pili ya mazoezi. Mwili usio na jeraha kwa miezi mitatu unampa dakika nyingi kuliko zile 2 za kiatu.

Sheria, kwa ufupi

Tangu 2020 Shirikisho la Riadha Duniani linataka soli ya barabarani isizidi milimita 40, bamba moja tu gumu, na kiatu kiwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Uwanjani, kuanzia Novemba 2024, ni milimita 20 kwa mbio zote, kwa hiyo kiatu cha maratoni hakiingii kwenye mita 10,000. Derara Hurisa wa Ethiopia alilijua hili kwa uchungu: Vienna, Septemba 2021, alifika wa kwanza, kisha ikagundulika soli yake ni milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat. Ukiwa unawania zawadi, angalia orodha mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuamkia mbio.

Kutunza

Joto ndilo adui. Buti ya gari Mombasa au Dar saa 8 mchana inalegeza gundi na kuichosha sponji kabla hujaikimbilia. Usiviweke juani, usiviweke karibu na jiko, usivitie kwenye mashine ya kufulia. Maji baridi, sabuni kidogo, mswaki wa zamani. Jaza magazeti ndani, ubadilishe baada ya saa moja, viache kivulini siku mbili. Usivibane chini ya begi zito ukisafiri. Andika kilomita kwenye karatasi ndani ya boksi. Zikifika 250, kihamishie kwenye mazoezi ya kasi, na pea ya mbio iwe nyingine.

Siku yenyewe, nenda hadi kwenye mstari na raba ya kawaida, pasha mwili nayo, badilisha dakika 15 kabla ya bunduki. Kabla hujafunga fundo la pili, kigeuze juu chini, pitisha kidole kwenye mfereji wa soli, ung'oe kokoto.